Bolethe Alivyolitangulia Jua

Hatumjui mtu aliyewahi kuupanda mlima Qaqqarsuaq, wala hatujui angetafuta nini huko juu. Tunachojua ni kwamba mlima ule unaziba jua, na anayezibiwa kuliko wote ni Bolethe, mjane mshona viatu vya ngozi ya sili, mwenye nyumba miguuni pa mlima.

Kila mwaka giza la baridi likiisha, baada ya wiki nyingi jua lisipochomoza kabisa, huonekana kwanza kwa Zakias, shemeji yake, anayekaa kule rasini. Bolethe husubiri wiki nzima zaidi. Na Zakias hakosi kumpigia simu.

"Shemeji, mgeni kafika kwangu. Kakuulizia, nikamwambia bado umelala."

"Mwambie akuunguze huo upara!"

Mwaka huu Bolethe alichoka. Siku moja kabla ya jua kutarajiwa rasini, aliwafunga mbwa wa marehemu mumewe kwenye sleji, gari la kuteleza barafuni, mbwa wazee waliozoea kula na kulala, akapakia keki na chupa ya kahawa. Akaenda mbali juu ya bahari iliyoganda, hadi Qaqqarsuaq ukawa mfupi kama jino la mtoto. Akaketi, akakodolea macho kilele.

Adhuhuri ukingo mwekundu wa jua ukachungulia. Bolethe akalia kidogo, kisha akavua glavu ampigie Zakias. Simu ilikuwa imezimika kwa baridi.

Kumbe Zakias alikuwa ameona kitone cheusi kisichosogea kule barafuni, akadhani shemeji yake amepatwa na balaa. Alifika mbio na sleji yake, ndevu zimeganda.

"Shemeji! Umevunjika mguu?"

"Sijavunjika. Geuka."

"Nigeuke nini? Inuka nikurudishe nyumbani!"

"Geuka, mzee wewe!"

Akageuka. Jua lilikuwa limekaa kileleni kama kofia, naye njia nzima alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Mimi nimeshachoka kulitazama," Bolethe akasema.

Zakias akaketi kando yake. Akaomba keki. Mbwa walikuwa wameimaliza pamoja na karatasi yake, na sasa walikoroma. Basi wakatafuna ngozi ya nyangumi aliyokuwa nayo Zakias mfukoni, ngumu kama kisigino, wakipokezana kikombe kimoja cha kahawa mpaka jua likazama.

Kesho yake dukani Zakias aliwaambia watu kwamba yeye na shemeji yake waliliona jua pamoja.

"Muulizeni lilikuwa na rangi gani likichungulia," Bolethe akasema, akiendelea kuchagua uzi.

Zakias akachukua sukari yake, akatoka bila kuaga.