Ekseli Iliyong'aa

Baba aliponiambia nichague ekseli, laiti ningalikataa. Juzi, katika mtaa wa Ngagara, nilimwona fundi akipaka rangi chuma kilichoungwa, na ile harufu ikanirudisha gereji ya utotoni, siku vita vilipofika mtaani kwetu.

Gari la baba lilikuwa la Kimarekani, la zamani, lenye injini ya kunguruma. Lilikuwa limekatika ekseli ya nyuma, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, nasi, mimi, baba na mama, tulitaka kukimbilia Kongo. Fundi alituwekea mbili chini: moja ina kutu, nyingine inang'aa.

"Chagua we," baba alisema. "Mi macho yangu haioni ya karibu tena."

Nilihesabu meno kwenye ncha za zote mbili, yakalingana. Nikanusa rangi mbichi, nikadhani ndiyo harufu ya kitu kipya. Nikaikumbatia ile inayong'aa.

"Mutoto anachagua kama bwana-arusi!" fundi alicheka.

Sasa nimeota mvi, najua rangi ilifunika mahali ilipoungwa. Ekseli ilikatika kabla ya kufika Gatumba, karibu na mpaka. Injini ilinguruma, magurudumu hayakuzunguka.

"Tangulieni," baba alisema, "mi nabaki na gari."

Mimi na mama tulivuka mpaka kwa miguu. Baadaye tulisikia kwamba baba aliuawa palepale kando ya gari, jioni ile ile. Nilichagua vibaya, nikampoteza baba.