Ng'ombe wa Mjane wa Nyika ya Mkata

Likizo ile nilirudi nyumbani Mkata nikiwa nimekwisha kuamua kwamba chuo cha mifugo sirudi tena. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa anatomia, na mwalimu mmoja alinishauri, kwa upole kabisa, nihamie ualimu, kwa kuwa kazi ya ng'ombe inataka misuli. Darasani wasichana tulikuwa wawili. Mwenzangu alifaulu, mimi niliambiwa nirudie mtihani chuo kitakapofunguliwa.

Wazazi wangu walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, na nyumba yetu ilikuwa bado haijakandikwa upande mmoja. Asubuhi tulikwenda shamba la kijiji kupalilia mahindi, jioni nikimenya mihogo na mama. Yeye peke yake ndiye niliyemwambia uamuzi wangu. Hakubisha. Aliniuliza tu kama ualimu ninaupenda, nami nikaendelea kumenya. Niliyemwogopa ni baba. Baba alikuwa mkulima, hajapata kufuga hata mbuzi, lakini kila alipotoka msikitini aliwasimulia wenzake kwamba binti yake anasomea udaktari wa ng'ombe.

Sifa hizo ndizo zilizoniponza. Asubuhi moja walikuja shambani vijana wawili wa wafugaji kutoka upande wa nyika, wakamwuliza baba yuko wapi huyo daktari. Ng'ombe wa mama yao alikuwa anahangaika kuzaa tangu jana, na bwana mifugo alikuwa amekwenda Korogwe, hajarudi. Kabla sijapata la kusema, baba alikwisha kuweka jembe chini.

Tukiwa njiani nilimvuta baba nyuma nikamweleza yote: mtihani, ualimu, kwamba mimi si daktari. Hakupunguza mwendo.

"Hayo tutayazungumza," alisema. "Sasa hivi yuko mnyama anaumia."

Tulimkuta ng'ombe amelala ubavu, macho yamemtoka. Miguu ya mbele ya ndama ilikuwa nje, imefungwa kamba ya katani, na wanaume wanaivuta kwa nguvu zao zote. Mwenye ng'ombe alikuwa mama mtu mzima, mjane, ameketi karibu na kichwa cha mnyama wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuondoa mkono kwenye pembe.

"Umewahi kufanya kazi hii?" aliniuliza.

"Sijawahi, mama. Nimeiona ikifanywa."

Alinitazama, kisha akawaambia wanaume waachie kamba.

Nilinawa kwa sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono. Shingo ya ndama ilikuwa imejikunja, kichwa kimegeukia ubavuni. Kumbe kadiri walivyovuta ndivyo walivyozidi kumkwamisha. Ilibidi kwanza nimsukume arudi ndani, ndipo nipate nafasi ya kukigeuza kichwa. Kila ng'ombe aliposukuma, mkono wangu ulibanwa kwenye mfupa wa nyonga mpaka vidole vikafa ganzi. Nikabadilisha mkono. Kichwa kiliniponyoka, nikakishika, kikaniponyoka tena. Nililia kwa hasira huku nasukuma, na wala sikujali nani ananiona. Mwishowe nilipata pua ya ndama kiganjani, nikaivuta polepole, na shingo ikanyooka.

Baada ya hapo tulivuta taratibu, ng'ombe akisukuma, na ndama akatoka. Alikuwa amekufa, ulimi umevimba mdomoni.

Nilingoja lawama. Mjane alimfunika ndama kwa majani, akarudi kwa ng'ombe wake, akampa maji. Jua lilipoanza kupinda, ng'ombe alisimama kwa miguu yake, akaanza kutafuna nyasi.

"Ndama atapatikana mwingine," mjane alisema. "Huyu ndiye anayelisha watoto wa nyumba hii."

Wengine walinishukuru, lakini moyoni nilikuwa na uchungu. Laiti angekuwepo jana mtu wa kuwaambia waache kuvuta, ndama yule angekuwa ananyonya. Sikuweza kuliondoa wazo hilo. Tulipokuwa tunarudi nilimwambia baba kwamba chuoni nitarudi.

"Na mtihani?"

"Nitaurudia."

Likizo iliyobaki niliitumia kwenye bucha la Mkata. Mwenye bucha aliniruhusu nishike viungo kabla hajavikata, nikitaja kila mfupa na kila mshipa, wateja wakinicheka. Mama aliniachia sufuria yake kuu nichemshe mifupa, ingawa alilalamikia harufu.

Baba alinisindikiza hadi Korogwe kupanda basi. Alinishikisha mkungu wa ndizi za Vugiri kule milimani, akasimama pale mpaka tukaondoka.

Nilifaulu, si kwa alama za kujivunia, lakini nilifaulu. Mwalimu yule hakurudia tena habari ya ualimu, nami sikumkumbusha. Nilipomaliza masomo niliomba kupangiwa Handeni, wilaya ya kwetu. Walinipeleka kwingine kabisa, nikaenda.