Wifi Yangu na Chupa ya Magadi

Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, alikuwa mtunza maabara katika shule ambayo mimi ni karani wa mkuu. Wanafunzi walimwita Mama Mizani. Hata nyumbani chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko chake maalumu, na ukimcheka anakwambia, "Cheka upendavyo, ila kijiko changu usikiguse."

Siku moja kabla ya mtihani wa vitendo wa kemia alifungua chupa mpya ya magadi ya maabara. Miaka yote ulikuwa ukija unga mkavu. Safari hii zikawa chembe kubwa zinazong'aa. Akamuuliza mwalimu wa kemia, huyo aliyekuwa akinywa chai ya wifi kila asubuhi kama mtoto wa nyumbani.

"Mwalimu, mbona haya si unga?"

Mwalimu alikuwa na simu sikioni, hata hakugeuka. "Magadi ni magadi, mama. Gramu kumi nukta sita kwa lita, kama siku zote."

Binti wa wifi, ambaye yuko darasa moja chini ya watahiniwa, alikuwa pale pale akimsaidia mama yake kuosha vyombo.

Mtihani ukaharibika. Ukitia asidi kidogo tu kwenye maji ya magadi, rangi imeshageuka, na majibu ya darasa zima yakaenda kombo. Jioni ile binti akatufafanulia.

"Shangazi, ukipima kilo ya maharage yaliyolowekwa, si sehemu yake ni maji? Basi chembe zile zina maji ndani. Moli moja, kile kipimo cha wanakemia, ya unga mkavu ni gramu mia na sita, lakini ya chembe ni mia mbili themanini na sita. Mwalimu alitaka moja ya kumi ya moli kwa lita, kwa hiyo zilihitajika gramu ishirini na nane nukta sita. Mama kapima kumi nukta sita alizoambiwa, ndiyo maana mmumunyo ukawa mwepesi."

Akamshika mama yake mkono. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Kesho nitasema."

Wifi alilala usingizi wa mtoto.

Kesho yake, mbele ya mkuu, mwalimu akamruka kimanga. Macho makavu! "Nilimwambia ishirini na nane nukta sita. Kama alipima kumi, shauri yake." Jumba bovu lote akamwangushia mjane wa watu. Nilitamani nimrukie pale pale na kalamu yangu.

Mkuu akamgeukia binti. "Wewe ulikuwepo. Mwalimu alisema gramu ngapi?"

Binti akamtazama mwalimu. Huyo ndiye aliyemwahidi kumpendekeza apate ufadhili wa masomo. Akainamisha kichwa.

"Sikusikia vizuri."

Mkuu akataka kumbana zaidi. Wifi akasimama. "Mwache mtoto. Basi nilikosea mimi." Nikasema, "Wifi, una wazimu?" Akatoa funguo za maabara mfukoni, akaziweka mezani kwa mkuu, kazi ikaishia hapo.

Nyumbani niliwaka. "Mwanao kakuuza mchana kweupe, nawe unamfunika?" Wifi alikuwa anamenya viazi. Binti akaja mlangoni na sare yake, machozi yanamtiririka.

"Mama, nisamehe. Niliogopa."

Wifi hakuinua macho.

"Hata mimi niliogopa jana, mwanangu. Nikalala nikijua ninaye wewe."