Siku Tuliyonyanyua Bodi Uani kwa Mama Shukuru

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya grisi na tope. Ilikuwa masika, miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa wakikimbia vita, na hapa Rusimbi, Kigoma, ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyo na mgeni aliyelala sebuleni. Mimi nilikuwa mmoja wa wageni hao.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja hapa umenuna, ukasema mke wa bosi wako hataki kukuona pale gereji, nawe hujamkosea kitu. Nilikusikia. Sasa kaa, nami unisikie.

Nilizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyemshikia tochi, baadaye spana, mwisho nikawa fundi mwenyewe. Vita ilipotukuta nilifika Kigoma na begi lake la spana. Yeye hakufika. Alinipokea Bibi Zaituni, mama mtu mzima mwenye asili ya Kongo, muuza dagaa, aliyejuana na baba tangu ujana wao. Nililala kwenye mkeka, mlangoni, mahali ambapo kila anayetoka nje lazima aniruke.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Rashidi na mkewe, Mama Shukuru. Rashidi alikuwa na pikapu. Alipeleka dagaa Kalinzi na kurudi na ndizi na maharage. Barabara ilichimbika sana mvua zile, gari likawa linakwaruza tumbo chini. Akatafuta matairi makubwa, akayafunga kwa furaha, lakini kila akikata kona yanasaga madigadi mpaka moshi unatoka. Nilimkuta amesimama anayatazama kama mtu aliyefiwa.

"Usiyatoe," nikamwambia. "Nyanyua bodi."

"Bodi inanyanyuliwaje, dada?"

Nikamweleza. Bodi ya gari imekalia chesisi, fremu ya chuma ya chini, imeshikwa kwa boliti. Unazilegeza, unaipandisha bodi kwa jeki upande mmoja, unaingiza kati yake vipande vya bomba nene, kisha unafunga kwa boliti ndefu zaidi. Gari linapanda, tairi linapata nafasi. Baba alifanya kazi hiyo mara nyingi, na mimi nikiwa chini ya gari pamoja naye. Rashidi alikwenda kwa mchomeleaji siku ileile, akakatiwa vipande.

Kazi tuliianza uani kwake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na hayakuharibika kwenye gari.

Fikiria ua ule. Mume na mwanamke wa kigeni wamelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inayoonekana. Boliti zina kutu, wanasukuma spana moja kwa mikono yote, na boliti ikikubali wanacheka. Mimi nilicheka sana siku ile. Tangu tulipoondoka kwetu sikuwa nimecheka, na mikono yangu ilikuwa imerudi kwenye kazi inayoijua.

Mama Shukuru akatoka jikoni na kikombe cha chai. Kimoja. Akakiweka chini, akainama.

"Kuna kitu gani cha kuchekesha chini ya gari?"

"Boliti tu, mke wangu," Rashidi akajibu.

"Basi nami nikalete boliti zangu zinichekeshe."

Nilijua sina nia yoyote na mumewe, nikaona hilo linatosha. Tena nikukirie jambo: nami nilikuwa namwonea wivu. Kila alipoingia ndani nilimfuata kwa macho. Alikuwa na mlango, mwanangu. Anaingia, anaufunga, hakuna anayemuuliza atatoka lini. Alikuwa na kitanda ambacho hakuna aliyekiruka, na masufuria yake mwenyewe. Nikajisemea, mtu mwenye vyote vile, kwa nini aninyime kikombe cha chai?

Jioni alinifuata hadi kwa Bibi Zaituni. Hakuingia. Alisimama barazani, kanga ameikaza kiunoni.

"Wewe mkimbizi, una kibali cha kukaa mjini?"

Alijua sina. Wengi wetu hatukuwa nacho.

"Kesho nikikukuta tena chini ya gari langu, naenda kwa balozi wa nyumba kumi. Utalala kambini."

Akaondoka. Hasira ikanipanda. Nikamgeukia Bibi Zaituni. "Bibi, mimi nimemkosea nini yule?"

Bibi alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Ulipoingia ua ule asubuhi, ulimsalimia nani?"

"Rashidi."

"Na mwenye ua?"

"Bibi, alikuwa jikoni."

"Jikoni ni mbali? Ulipita mlangoni pake na begi lako ukaenda kulala chini ya gari na mumewe. Wewe unajua moyo wako ni safi. Yeye ataujuaje? Umemwonyesha miguu tu."

Nikataka kubishana. Akaniwahi.

"Na wewe usijifanye huna wivu. Nakuona unavyoutazama mlango wangu nikiufunga. Nenda kwake kesho. Usiende kujitetea. Anayejitetea huonekana mwongo hata akisema kweli. Mwambie lililo moyoni mwako, kisha mpe nafasi kwenye hiyo kazi."

Sikulala vizuri. Asubuhi niliacha begi nyumbani, nikaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Mama Shukuru alikuwa anawasha mkaa.

"Habari za asubuhi, dada."

Akaendelea kupepea.

"Nimekuja kukwambia kitu. Nakuonea wivu."

Akaacha kupepea. "Wewe? Unionee mimi?"

"Mlango wako. Unaufunga ukitaka. Mimi nalala pahali pa kupitia watu. Jana nilicheka kwa sababu nilisahau hayo kidogo."

Alinitazama. Uso wake haukulainika, nisikudanganye. Akasema, "Ni miaka sasa sijamsikia Rashidi akicheka hivyo. Kwangu anarudi amechoka. Kwako anacheka." Akageuka, akapepea mkaa kwa nguvu, majivu yakaturukia wote wawili.

"Njoo tufanye wote," nikasema. "Nahitaji mtu wa kutazama jeki. Mimi nikiwa chini siioni, na mumeo akipampu anatazama bodi."

"Nisipokuja?"

"Kazi sitaifanya. Ua ni wako."

Alikuja. Alivaa shati kuukuu la mumewe, akachuchumaa karibu na jeki kama mlinzi wa benki. Tulimaliza upande wa dereva bila shida. Upande wa pili, wingu likaanza kukusanyika juu ya ziwa, nikaharakisha. Ardhi ilikuwa laini. Baba alinifundisha usiingize mkono kabla hujaweka gogo la kushikilia bodi, lakini nilitaka kuiwahi mvua. Rashidi akapampu, bodi ikapanda, nikaingiza mkono na kipande cha bomba.

"Mkono! Spesioza, toa mkono!" Mama Shukuru akapiga kelele.

Sikuuliza. Niliuvuta. Ubao tuliouweka chini ya jeki ulikuwa umezama upande mmoja, jeki ikalala, bodi ikashuka kwa kishindo juu ya chesisi. Kipande cha bomba kiliruka hadi ukutani. Niliutazama mkono wangu, nikahesabu vidole kama mama anayehesabu vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Rashidi alikuwa amekaa chini. Mama Shukuru ndiye aliyenivuta miguu nikatoka chini ya gari. Alikuwa analia na kunifokea kwa pamoja. Tulipotulia, tulimalizia kazi taratibu, na gogo likiwa mahali pake, mvua ikitunyeshea.

Nilipokuwa nanawa, akaja kusimama kando yangu.

"Usidhani wivu umeniisha," akasema. "Nilipopiga kelele wivu ulikuwepo uleule. Niliuona mkono wako, nikapiga kelele na wivu wangu ukiwepo."

Nikamwambia, "Na mimi mlango wako bado nautamani."

Hatukukumbatiana. Kwa balozi hakwenda. Pikapu ilipopanda Kalinzi mara ya kwanza na matairi yale, yeye ndiye aliyekaa mbele, na tangu hapo alisafiri na mumewe kila alipopata nafasi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiingia kazini kwa mtu, mtafute kwanza yule ambaye macho yake yanakuogopa, umsalimie. Usitosheke kwamba huna kosa. Moyo wako hauonekani kwa nje. Na wivu wako mwenyewe, maana unao, utamke kabla haujageuka dharau. Si lazima wivu uishe ndipo mtu atende jema. Unaweza kukaa nao na bado ukauokoa mkono wa unayemwonea wivu.

Kesho nenda kwa mama yule, uanzie mlangoni kwake. Mungu aibariki mikono yako, ikatoke salama chini ya kila gari. Akujalie mlango wako mwenyewe, na siku ukiupata, akupe moyo wa kumfungulia anayelala njiani.