Namba Kumi na Nne ya Boksi Jekundu

Wakio alizaliwa Bura, juu milimani, akateremka Voi kuolewa na Danson wa reli, na tangu mumewe afariki alikuwa akifunga nzi. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Nyuma ya stesheni palikuwa na Mzungu mwenye karakana ya wanawake wanane, kila mmoja na kiti chake na jiliwa lake dogo la kubania ndoana. Kutwa walizungushia ndoana hizo uzi na manyoya ya shingo ya jogoo mpaka zifanane na vidudu vinavyoelea majini, na hao ndio nzi wenyewe. Wazungu walikwenda kuvulia navyo samaki huko kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya. Kwamba Voi penyewe hata maji ya kuoga yalikuwa taabu, hilo halikumhusu mtu.

Vipimo vilikuwa vikali. Mkia wa nzi uwe sawa na mguu wa ndoana, yaani ile sehemu iliyonyooka, na manyoya yazidi kwa nusu upana wa kinywa cha ndoana, yaani nafasi kati ya mguu na ncha yake. Ukizidisha anapinduka, ukipunguza anazama. Wenzake walipima kila unyoya kwenye ndoana yenyewe. Wakio alipima kwenye ukucha wa gumba, aliouchanja kwa tupa alama mbili, moja ya mkia na moja ya manyoya. Mwanzoni ilikuwa mbinu ya kuharakisha kazi. Baadaye ikawa ndiyo inayomficha, maana macho yaliingia ukungu, na alama zile aliweza kuzipapasa.

Angeweza kusema. Lakini karakana ilikuwa na desturi yake: mama akishindwa, binti hurithi kiti, mshahara usitoke nyumbani. Na binti yake Elsie alikuwa shuleni Bura, mwaka wa mwisho, na alitaka kuwa nesi. Basi Wakio alijikaza. Alichoka kuamka, alichoka kukaa, alichoka hata kulalamika, ila Elsie kwanza amalize.

Ndipo zikaja ndoana za kiwanda kingine. Za zamani zilikuwa za boksi la kijani, waya wake mnene. Mpya zilikuwa za boksi jekundu, waya mwembamba, nyepesi, na Peris wa kiti cha jirani alizisifu sana kwa kuelea. Namba ya ukubwa ilikuwa ile ile, kumi na nne. Kumbe kila kiwanda kina kumi na nne yake! Mguu wa hizi ulikuwa mrefu zaidi na kinywa kipana zaidi. Waliopima kwenye ndoana hata hawakushtuka, mkono ulifuata wenyewe. Wakio alifuata ukucha.

Ijumaa msimamizi alipita na karai lake la maji kujaribu kazi ya kila mmoja. Huyu alikuwa Gibson, mdogo wake marehemu Danson, na ndiye aliyemtafutia Wakio kiti. Nzi wa Peris walisimama juu ya ncha za manyoya yao, mikia imenyooka. Wa Wakio waliketi matako, wakanywa maji, wakazama wote.

"Shemeji, hebu kuja." Gibson akaweka ndoana mbili juu ya kitambaa cheupe. "Ya boksi jekundu ni gani?"

Wakio aliinama. Aliona kitambaa tu. Akanyoosha kidole kupapasa, na Gibson akamshika mkono taratibu.

"Kwa macho, shemeji."

"Sioni," akasema, na ajabu ni kwamba alisikia raha, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mimi najua siku nyingi," Gibson akasema kwa sauti ya chini. "Nilingoja useme mwenyewe. Usijali, unga hautamwagika. Nimeshatuma neno Bura. Elsie anashuka leo na basi, Jumatatu akae kwenye kiti chako. Wewe sasa pumzika."

Alikuwa anamtendea wema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wanawake wote walimtazama wakingoja ashukuru. Pumziko lenyewe alikuwa akiliota miaka, na bei yake ilikuwa neno moja, asante.

"Kiti mpe mwingine," akasema.

"Na nyumbani mtakula nini?"

"Shamba la Bura bado liko."

"Utalima na macho hayo?"

"Mahindi hayapimwi mkia, shemeji."

"Mimi ni baba yake mdogo. Nina neno juu ya huyo mtoto."

"Unalo. Liseme akishamaliza shule."

Gibson alikasirika, na haki alikuwa nayo, kwani hakuna aliyewahi kukirudisha kiti mbele ya watu. Akamwambia kwamba akitoka mlango ule asimtafute tena. Wakio akavua aproni, akaikunja. Peris alilia. Yeye hakulia, alikuwa amechoka mno.

Alipofika stendi, basi la Bura lilikuwa limesimama na abiria wanashuka. Kwake nyuso zote zilikuwa ukungu mmoja. Wakampita wakimgonga mabega, na hofu ikamshika kwamba mtoto ameshaelekea karakana.

"Elsie!" akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Elsie wee!"

"Mama, si niko hapa?"

Alikuwa amesimama mbele yake, sanduku mkononi, karibu kiasi cha kugusana.

Wakio alipapasa mpaka akaupata mkono ulioshika sanduku. "Usiliweke chini," akamwambia. "Tunarudi Bura."