Nota za Kichwa Chini

Mwezi uliopita nilirudi Ngokolo kumuuguza mama, na nilipoinua godoro lake nikakuta karatasi zangu za nota. Mama hatupi kitu. Mende wamezila pembeni, lakini mwandiko wa mwalimu wa kwaya niliutambua, nikavificha vidole kana kwamba bado nina miaka kumi na miwili.

Wewe uliyejifunza muziki kwenye simu hutanielewa. Mwalimu wetu alisikiliza bongo fleva redioni, akazinakili kwa kalamu kwenye mistari mitano aliyoichora kwa rula, kisha rula ile ile ikatuchapa vidole. Hakuandika maneno wala jina la wimbo. "Mkijua ni wimbo gani mtaimba badala ya kusoma," alisema. Kinanda kilikuwa kimoja, cha kanisa, na chumba cha mazoezi kilinukia michembe, viazi vikavu ambavyo bibi yangu alivichemsha na karanga, nami nikavila nikisubiri zamu.

Mwishowe tulibaki wanafunzi wawili, mimi na binti wa jirani. Baba yake alikwenda kuchimba dhahabu Bugarama, hakuonekana tena. Yeye alichota maji, akatwanga, akaogesha wadogo zake, ndipo aje mazoezini. Kila siku aliniambia, "Anza wewe, dada." Nikadhani ni heshima. Siku moja, tukimenya karanga uani kwetu, akanipa siri: nota hajui hata moja. "Nikikusikia wewe mara moja, vidole vyenyewe vinajua. Usimwambie mwalimu, ataniua." Nikaapa. Miezi yote ile nilihangaika na vile vijidoa, na yeye alinipita kwa kunisikiliza tu! Nilimchukia, nasema kweli, huku tunakula karanga kwenye ungo mmoja.

Kisha wakaja masista wawili kutafuta msichana wa kuwapigia kinanda. Wangemsomesha sekondari ya bweni. Mimi baba angenisomesha hata hivyo. Yeye hakuwa na njia nyingine, na mtaa mzima ulijua.

Tulipewa wimbo mmoja, karatasi moja. Nikatangulia, nikapigiwa makofi ya adabu. Nilipoinuka nikaigeuza karatasi kichwa chini, kama mtu anayeiweka sawa. Binti wa jirani akakaa, akaninong'oneza, "Wabeja, dada." Ndiyo asante yetu ya Kisukuma.

Alipiga vizuri mno. Mpishi wa parokia alitoka jikoni na mwiko mkononi. Macho ya binti yalifuata mistari, kichwa kikitikisika kwa umakini. Sista mmoja akasogea ampongeze, akaiona karatasi. Mwalimu naye akaiona.

"Kumbe huyu anasoma kama popo!" alisema mwalimu.

Chumba kikaangua kicheko, mimi nikicheka kuliko wote. Mwalimu akaokota rula. Hakuna aliyeuliza mtoto asiyejua nota amepigaje vile. Masista wakanichukua mimi.

Nimesoma, na hadi leo napiga kinanda kanisani. Ninyang'anye karatasi uone: siwezi hata wimbo wa kumbembeleza mtoto. Mwalimu ameshafariki, chumba kimebomolewa, na kinanda hakuna ajuaye kiliko.

Kesho yake baada ya kuzikuta karatasi zile, niliitia ile ya siku ya masista mkobani nikaenda sokoni, maana mama aliniambia binti wa jirani anauza karanga huko. Nilitaka kumwomba radhi. Vidole vyake vimevimba vifundoni kwa miaka ya kuponda mawe ya dhahabu, viwili havikunjiki kabisa. Nikaitoa karatasi. Hakuishika.

"Nilikuona ukiigeuza," alisema. "Nikajua unaniwekea sawa. Ndiyo maana nilikushukuru."

Nikairudisha karatasi mkobani, nikaomba karanga. Yeye akanipimia karanga kopo moja, akaongeza kiganja cha nyongeza kama anavyomwongezea kila mtu, akafunga mfuko kwa shida na vile vidole. Nilisubiri aniite dada, mara moja tu.

"Karibu tena, mteja wangu," akasema, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.