Chumvi ya Jirani na Jicho la Direkta

Mwezi uliopita jirani wetu wa zamani aliingia dukani kwangu na ndoo ya mayonezi mkononi. Ndani mlikuwa na samaki mwekundu mmoja, wale wa kufuga, jicho lake la kushoto limevimba na kutokeza nje kama linataka kudondoka. Bibi yule hakunitambua. Mi nilimtambua kabla hajavuka mlango. Ninauza dawa za kuku na mbuzi hapa Dilala, Kolwezi, na watu wanajua kwamba samaki pia nawatibu, basi akaweka ndoo juu ya meza, akaanza maelezo yake. Samaki ni wa mjukuu wake. Mtoto analia tangu Jumapili. Yeye mwenyewe amekwisha kumtilia chumvi kidogo, lakini haijasaidia.

Chumvi! Ndugu yangu unayenisoma, ngoja nikueleze kwa nini nilitafuta kiti.

Nilikulia kwa kambo, mama mzazi wa baba yangu, katika zile nyumba za zamani za kampuni zenye veranda ya simenti nyekundu. Uani palikuwa na bwawa dogo la simenti, limejengwa na Mzungu aliyekaa pale kabla yetu. Alipoondoka, babu, aliyekuwa karani, alipewa nyumba na samaki wakiwa humo humo. Asubuhi uani kulinuka moshi wa makala, makaa ya jikoni, na mikate ya kukaanga, na treni ya kwenda Mutshatsha ilipopiga honi nilijua nimechelewa shule. Jioni kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya bomba robineni na kuyaacha yalale ndani ya pipa mpaka kesho, ile dawa wanayotia kwenye maji ya mjini itoke, ndipo niyamimine bwawani. Babu alikuwa ameshafariki, na katika samaki wake alibaki mmoja tu. Kambo alimwita Direkta, kwa sababu alizunguka bwawa asubuhi na jioni kama mkurugenzi anayekagua kazi za wengine. Alimpa habari zote za ukoo, nani kaoa, nani kafukuzwa kazi. Sitanii. Mimi mwenyewe habari nyingi za nyumbani nilizisikia akimwambia samaki.

Nilipokuwa na miaka kumi, wakati wa kiangazi, Direkta alivimba jicho. Likatoka nje, likafunikwa na ukungu. Kambo alijua la kufanya, babu alikuwa amemfundisha: beseni la bati, maji yaliyolala, vijiko viwili vya chumvi ya mawe, samaki aingie humo kwa muda wa makumi mawili ya rozari, kisha arudishwe bwawani. Jicho lenyewe usiliguse hata kwa kidole. Lakini magoti ya kambo hayakukunjika tena, akaniita mimi. Yeye alikaa kwenye kiti chake akisali kwa sauti ili nisikie tumefika wapi, mimi nimechutama na kitambaa cha chandarua kikuukuu cha kumvulia samaki. Katika nyumba ile iliyojaa watoto, mimi ndiye nilikabidhiwa jicho la Direkta. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona mkubwa hivyo. Siku mbili tukafanya vile, uvimbe ukaanza kushuka, akaanza tena kula.

Siku ya tatu chumvi yetu iliisha. Kambo akanituma kwa jirani, aliyeuza chumvi kwa kikombe pale getini kwake. Mume wake alisafirisha mawe ya shaba kutoka kwa wachimbaji, na saki zake, magunia ya kubebea mawe hayo, zilirudi nyumbani tupu. Jirani alizifua robineni, akazianika juu ya ua, zikikauka akazijaza chumvi au unga wa kuuza. Usimcheke, Kolwezi nzima tulifanya hivyo, saki nzuri haitupwi. Ila hili ulishike: siku ile sikumkuta getini, nikamfuata jikoni, na nilimwona kwa macho yangu akitia chumvi kwenye chungu chake. Aliitoa ndani ya kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko. Kisha akatoka nje kunipimia yangu kutoka kwenye saki, ambayo mishono yake ilikuwa bado na rangi ya kijani.

Nilitia vijiko viwili, vilevile. Kumi la kwanza la rozari halijaisha, Direkta akaanza kutweta mdomo juu ya maji, mwili wote ukatoka ute. Nikapiga kelele, kambo akakatiza sala, nikamrudisha bwawani mbio. Adhuhuri alikuwa anaelea ubavu.

Jirani alikuja kutazama, na wamama wengine nyuma yake. Akasema mtoto amemwaga chumvi kwa konzi, watoto wanapenda kuchezea. Nikasema vijiko viwili. Nikasema na habari ya kopo la maziwa, mbele ya wote. Akacheka, mama yule, akamgeukia kambo.

"Huyu mutoto anatafuta fasi ya kujificha."

Kambo alinitazama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Mukono yako iko muzito," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku ile sikutia chumvi chunguni katika nyumba ile. Nilitwanga sombe, yale majani ya muhogo, niliwasha jiko la mbabula, nilisonga ugali wa bukari mpaka mikono ikaota sugu, lakini chumvi alitia kambo mwenyewe, au alimwita binti wa shangazi aliyekuwa mdogo kwangu. Baadaye ikawa kichekesho cha ukoo. Harusi, matanga, ubatizo, nikikaribia sufuria kuna mtu atanyakua sahani ya chumvi na kusema huyu ataua watu kama alivyoua samaki, na wote wacheke. Nami nacheka nao. Kambo alikufa nikiwa shuleni, nasomea mifugo, na hakuwahi kunirudishia kile kijiko.

Kulipa kisasi nililipa kidogo, utoto wangu wote haukuwa wa machozi. Chumvi iliyobaki kwenye kikombe niliichukua, nikaenda kuimwaga kwenye tuta la lengalenga, mchicha wa jirani, nikamwagia na maji ili iingie vizuri. Wiki ile ile majani yote yalikauka. Akalaumu jua. Sijutii. Mpaka leo nikiona lengalenga sokoni nasikia raha.

Shuleni ndiko nilikopata jibu. Mwalimu alikuwa anaeleza kwamba shaba kidogo sana ndani ya maji, ambayo mtu hataihisi hata mdomoni, inaingia kwenye mashavu ya samaki na kummaliza. Niliomba ruhusa, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya darasa na hasira yangu. Kambo alikuwa na miezi miwili kaburini.

Sasa unaelewa kwa nini nilitafuta kiti. Nikamuuliza bibi yule, kwa upole kabisa, hiyo chumvi aliyomtilia samaki wa mjukuu aliitoa ndani ya nini. Akasema ndani ya kopo lake la jikoni, chumvi safi.

"Ya mutoto wako ulitoa mu kopo," nikamwambia. "Ya kambo yangu ulitoa wapi?"

Hapo ndipo alipoutazama uso wangu. Naye akatafuta kiti.

"Mu saki ya majiwe," akasema. "Nilijua haiko chumvi ya kupatia muntu. Sikuwaza samaki."

Miaka yote ile nilikuwa nimetunga matusi ya kumwambia, na siku yenyewe sikutumia hata moja. Nilimwambia samaki anabaki kwangu. Jumamosi ya wiki inayofuata mpwa wangu anapokea komunyo, wamama wote wa ukoo watakuwa uani kwa shangazi wakipika. Aje aseme pale maneno hayo hayo, ndipo samaki arudi nyumbani. Ndiyo, nilimshika mateka samaki wa mtoto. Andika uamuzi wako, mi nimekwisha andika wangu.

Lakini nilimtibu vizuri. Maji yaliyolala, kubadilisha kila siku, chumvi kutoka pakiti mpya, na jicho sikuligusa. Siku ya tisa lilikuwa limerudi ndani. Nadhani halioni tena, lakini samaki anaishi na jicho moja bila shida.

Jumamosi alikuja, ameshikwa mkono na mjukuu, kasichana ka miaka saba au minane. Akasimama kati ya masufuria akayasema yote, saki, kopo, hata kile kicheko chake. Shangazi, ambaye ndiye bingwa wa kile kichekesho, akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua sahani ya chumvi, akanipa.

Basi niliikamata. Nilifikiri nitacheka. Bwawa limefukiwa, mwenye nyumba mpya anaegesha pikipiki juu yake. Veranda imevunjwa, treni siisikii tena huku ninakokaa. Na aliyepaswa kuniona na ile sahani yuko makaburini, anaamini mkono wangu ni mzito. Nikatia chumvi kwenye sombe huku naona giza, nikatia tena.

Sombe ilikuwa chumvi tupu. Wote walionja, wakaangalia chini, wakala. Wa kwanza kupakuliwa alikuwa jirani, nilimjazia mwenyewe. Nilisimama mbele yake mpaka akamaliza sahani, kisha nikampa mtoto samaki wake.